Alitafutwa Mmisri, Akashikwa Paulo



Andiko la leo ni refu. Kama uko kwenye matatu, soma polepole. Kama uko kazini, ngoja saa ya chai usije ukanilaumu. Nimekaa na jambo hili siku kumi, na Mama Pasta ameniambia ama niliandike ama niache kugeuka-geuka kitandani.

Wengi wenu mlikuwepo kwenye ile ibada ya shukrani. Binti wa mmoja wetu amemaliza kidato cha nne na kupita vizuri, wazazi wakachinja mbuzi, tukaimba, tukala, tukacheza mbele za Bwana. Jambo ambalo wengi hamkuliona ni lililotokea langoni kabla ibada haijaanza. Binti huyo alikuwa amemwalika rafiki yake, waliyekaa dawati moja miaka minne. Rafiki ni Msomali, Mkenya, mzaliwa wa Nairobi hii hii. Alikuja amevaa hijabu, mkononi ana zawadi iliyofungwa vizuri kwa karatasi ya maua.

Asubuhi hiyo watu kama mia mbili walikuwa wameshapita pale na mikoba, mabegi ya watoto na sufuria za pilau. Ndugu mmoja alipita na jerikeni ya lita ishirini. Hakuna aliyefunguliwa hata zipu. Yeye peke yake akawekwa kando. Mkoba wake ukamwagwa juu ya kiti cha plastiki, vitu vya msichana vikaonekana na kila mtu. Karatasi ya maua ikachanwa. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, mpya. Mhudumu wetu akafungua kifuniko, akachungulia ndani, akaitikisa karibu na sikio.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale, Biblia mkononi. Niliona yote. Macho yangu na ya yule mtoto yalikutana. Halafu nikageuka nikamsalimia mzee mmoja aliyekuwa anapita, nikamuuliza habari za mguu wake.

Nimehubiri miaka mingi juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando. Sikujua ni rahisi namna ile.

Yule mhudumu sitaki mumtafute wala mumseme kwenye grupu. Ni mtu mwema, na ana sababu ambayo wengi wenu hamuijui: alifiwa na mtoto wa dada yake kule Garissa mwaka 2015. Alinieleza mwenyewe nilipomwita, akalia, nami nikalia. Akaniuliza, "Pasta, wewe ungefanya nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Na langoni, kwa kunyamaza, nilikuwa nimeshafanya alilofanya yeye, ila mimi nilifanya bila msiba wowote wa kunisukuma.

Hayakuishia hapo. Alhamisi nilikwenda nyumbani kwao kuomba msamaha. Mama yake ananiuzia vitambaa tangu tulipoanzisha kwaya, ni mtu tunayeheshimiana. Ndipo akaniambia kilichotokea jioni ile. Kaka yake alikuja kumchukua, wakatembea hadi stage. Askari wawili wakawasimamisha. Stage nzima ilikuwa imejaa vijana, lakini walioulizwa kitambulisho ni hao wawili. Kaka akatoa chake. Binti ametimiza miaka kumi na minane juzi tu, kitambulisho bado anakifuatilia. Wakaambiwa wapande gari. Wakazungushwa mtaani hadi giza likaingia, na wakaachiliwa kaka alipopiga simu nyumbani na pesa zikaja. Mama alinitajia kiasi chenyewe kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya unga. Hakukasirika. Kutokukasirika kwake ndiko kulikoniuma, maana ameshazoea.

Akasema, "Pasta, langoni kwako walimpekua bure. Stage walitulipisha. Afadhali kwako."

Sasa najua wengine mmeshaanza kuandika hapo chini. Pasta umesahau? Hapana, sijasahau. Nakumbuka Jumapili ya Septemba 2012, guruneti lilipotupwa kwenye darasa la watoto wa Sunday School katika kanisa la St. Polycarp hapa Nairobi, na mtoto akafa. Nakumbuka makanisa ya Garissa yaliyoshambuliwa Julai mwaka huo huo, Westgate Septemba 2013, na wale ndugu zetu wa Likoni waliopigwa risasi wakiwa ibadani Machi 2014. Nakumbuka Aprili 2, 2015, watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi waliotengwa kwa imani yao. Vijana wetu waliuawa kwa sababu waliitwa Wakristo. Nisingependa mtu yeyote asome maneno yangu akadhani nimeipunguza damu hiyo hata tone. Na lango la kanisa lazima lilindwe. Swali langu ni moja tu: tulipokuwa tunamwaga mkoba wa yule mtoto, ile jerikeni ya lita ishirini ilikuwa na nini?

Hatujui mpaka leo. Hatukuangalia. Tulikuwa na shughuli ya kuangalia uso.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 21 hadi 23. Nimeisoma habari hii tangu nikiwa kijana wa CU, na nilikuwa nikiifundisha kama habari ya ujasiri wa Paulo. Safari hii nimeisoma kama taarifa ya polisi.

Paulo yuko hekaluni, anatimiza taratibu za utakaso, hana neno na mtu. Wanatokea watu waliomwona siku za nyuma mjini akiwa na Trofimo, mtu wa Efeso. Biblia iko wazi kabisa hapa, mstari wa 29: walidhani kwamba amemwingiza Trofimo hekaluni. Walidhani tu. Hakuna aliyemwona Trofimo ndani. Kumwona Paulo barabarani na mtu wa kabila lingine kulitosha, na kutokana na dhana hiyo mji mzima ukataharuki, watu wakaanza kumpiga wapate kumwua.

Jemadari anapata habari, anashuka na askari. Jina lake tunalipata baadaye, Klaudio Lisia. Angalieni mpangilio wa kazi yake. Kwanza anamkamata. Pili anaamuru afungwe kwa minyororo miwili. Ndipo, tatu, anauliza huyu ni nani na amefanya nini. Mnyororo ulitangulia swali! Na anapouliza umati, hawa wanapiga kelele hili na hawa lile, kiasi kwamba hawezi kupata ukweli wowote. Lakini mtu tayari yuko kwenye minyororo, na anapelekwa ngomeni.

Kisha mstari wa 38, ambao nauona sasa kama kioo cha Nairobi. Paulo anaomba ruhusa ya kusema, kwa Kiyunani. Jemadari anashangaa. Alikuwa amedhani ni yule Mmisri aliyeanzisha fujo na kuongoza wauaji elfu nne kwenda jangwani. Hebu kaa na jambo hilo kidogo. Kulikuwa na Mmisri mmoja hatari, kweli alikuwepo, na serikali ilikuwa na haki ya kumtafuta. Lakini Mmisri hakupatikana, basi yeyote aliyeonekana kama mtu wa kutoka huko akatosha kuwa Mmisri. Paulo alikuwa Myahudi wa Tarso ya Kilikia. Tarso na Misri ni mbali, bahari iko katikati. Kwa macho ya askari mwenye haraka, wote ni walewale.

"Wote ni walewale." Nimelisikia neno hilo kwenye ushirika wa nyumbani, kwa sikio langu, tukiwa na chai mezani.

Anaposimama Paulo katika sura ya 22 na kujieleza kwa Kiebrania, watu wanakataa, na jemadari anatoa amri ya kumhoji kwa mijeledi ili ajue kosa lake ni lipi. Yaani kosa litatafutwa ndani ya ngozi yake. Wameshamfunga kwa kamba ndipo anauliza kama sheria inaruhusu kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa. Mambo yakabadilika ghafla. Jemadari mwenyewe anakuja mbio kuuliza, na anakiri kwamba yeye uraia wake aliununua kwa pesa nyingi. Paulo anamjibu kwamba yeye ni raia kwa kuzaliwa.

Raia kwa kuzaliwa. Aliyenunua ndiye aliyeshika mjeledi, na aliyezaliwa nao ndiye aliyefungwa. Wapendwa, mnajua ni mara ngapi Mkenya wa Wajir au Garissa au Eastleigh amelazimika kusema maneno hayo mbele ya meza ya ofisi? Kwa miaka mingi kijana wa huko akitaka kitambulisho alipigwa msasa na kamati: babu yako alizaliwa wapi, leta wazee wakutambue. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipekuliwa upya nchi nzima na kupewa kadi ya pinki ya kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Wewe uliyezaliwa Nyeri au Kisii au Kakamega, nani aliwahi kukuuliza kadi ya pili? Februari 2025 Rais alikwenda Wajir akatangaza kwamba upigaji msasa ule umefika mwisho, na niliwasikia baadhi yetu wakinung'unika kwamba sasa mipaka imefunguliwa. Mipaka ni kitu kingine. Waliotajwa ni Wakenya. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, rangi au dini, na haikuandikwa kwa ajili ya Wakristo wa mikoa ya kati pekee.

Nimalizie na Lisia, maana kuna jambo hatulihubiri. Katika sura ya 23 anamwandikia liwali Feliki barua. Anasema alimwokoa Paulo baada ya kujua kwamba ni Mrumi. Si kweli! Alijua akiwa ameshamfunga na kuamuru apigwe. Mijeledi na minyororo haimo kwenye barua. Kitabu cha matukio kiliandikwa kikatoka kisafi, na kama Luka asingeandika upande wa pili, sisi leo tungekuwa tunamsifu jemadari kwa kazi nzuri. Ndiyo maana nasema mashahidi ni wa lazima. Ndiyo maana kugeuka kwangu kuuliza habari za mguu wa mzee kulikuwa dhambi, maana Luka aligeuka.

Aprili 2014 serikali ilianzisha Operesheni Usalama Watch. Maelfu ya askari wakaingia Eastleigh na South C, nyumba kwa nyumba, usiku. Watu kama 4,000 wakakamatwa, idadi ile ile ya wauaji wa yule Mmisri, na wengi wakapelekwa Uwanja wa Kasarani kuchujwa. Wanawake wajawazito na watoto walikuwemo. Askari wasingefanya vile Karen. Na kabla ya hapo, baada ya mabomu ya mwisho wa 2012, shirika la Human Rights Watch lilikuwa limeandika jinsi polisi walivyowapiga, kuwaibia na kuwanyang'anya pesa watu wapatao elfu moja mtaani Eastleigh. Watu wa Eastleigh wana jina wanalojiita wenyewe kwa uchungu: ATM. Askari akiishiwa, anajua pa kubonyeza.

Je, tulipata usalama? Hesabuni nami. Operesheni ilikuwa Aprili 2014. Juni, Mpeketoni. Novemba, basi la Mandera, wasafiri 28. Aprili iliyofuata, Garissa. Na mmoja wa waliotuua Garissa alikuwa kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake, Msomali, Mwislamu, chifu, alikuwa ameshaiambia serikali kwamba mtoto wake ametoweka. Mzazi alitoa taarifa juu ya damu yake mwenyewe! Mtu wa namna hiyo ndiye polisi wanayemhitaji kuliko gari lolote la kivita, na mtu wa namna hiyo ndiye tunayemfunga mdomo kila tunapomlipisha mwanawe stage. Halafu Januari 2019, Dusit. Mmoja wa washambuliaji hakuwa Msomali kabisa, alikuwa mtoto wa mwanajeshi, na alikuwa amepanga nyumba Kiambu kama mimi na wewe tunavyopanga. Angefika langoni kwetu Jumapili ile amevaa suti, angeketishwa mbele.

Wazee wangu wa kanisa, ninyi mliozaliwa kabla ya Uhuru, nawaomba mtusaidie hapa kwa sababu sisi vijana tumesahau. Chini ya mkoloni, mwanaume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alitakiwa kubeba kipande, kimefungwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Aprili 24, 1954, jeshi la Waingereza lilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani na kazini kwa maelfu, wakapangwa mistari, mtu aliyefunikwa gunia kichwani akawa anatikisa kichwa, na kutikisa huko kukaamua nani aende Manyani. Walipata Mau Mau? Waliwapata. Walichukua na walokole waliokataa kula kiapo? Waliwachukua pia, maana uso ulikuwa mmoja. Kutoka Aprili ile hadi Aprili ya Kasarani ni miaka sitini kamili. Kuna familia hapa kanisani ambazo babu alipita Manyani na mjukuu alishangilia Kasarani. Sisemi kwa kuwahukumu. Nami mwaka ule nilisema kwenye madhabahu kwamba tuwaombee maafisa wetu wa usalama, na sikusema neno lingine lolote.

Mwaka 2020, George Floyd alipokufa chini ya goti la polisi kule Minneapolis, wengi wenu mlibadilisha picha zenu zikawa nyeusi. Nilifurahi. Kilikuwa ni kilio cha haki. Lakini Machi ya mwaka huo huo, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko wakati polisi wakisimamia kafyu. Kiamaiko si Marekani. Kutoka hapa unafika kwa nauli ya shilingi hamsini. Nilirudi kutafuta kwenye ukurasa wangu huu nione niliandika nini wiki ile. Niliandika juu ya kunawa mikono.

Kwa nini tunawalilia walio mbali kwanza? Nadhani ni kwa sababu kule sisi tuko upande wa aliyekanyagwa. Hapa nyumbani ni lazima uulize uko upande gani, na swali hilo halipendezi.

Lakini hata hapa wengi wenu mnaujua upande huo vizuri sana. Mama wa Mathare ambaye kijana wako ana rasta na kila msako anabebwa kwanza, halafu unaambiwa alikuwa anafanana na mtu fulani: wewe hunihitaji mimi nikueleze jemadari Lisia. Dada uliyefanya kazi Ghuba, ukalala jikoni, ukanyimwa simu, ukaitwa kwa rangi yako badala ya jina, na ulipotoa ushuhuda hapa kanisa zima likalia: ulisema kilichokuumiza kuliko kipigo ni kuonwa kama si mtu. Nakumbuka neno lako. Sasa nauliza, makanga anapomwita abiria "warya" na gari zima likacheka, huwa unacheka? Keateka wa ploti yako anapowaambia watu kwamba nyumba imeshachukuliwa, na wewe unajua haijachukuliwa, huwa unasema nini? Ndugu mwenye ploti, nakuheshimu na sadaka yako inafika, lakini ulijisifu mbele yangu kwamba kwako "hao" hawapangi. Umesahau kwamba mkoloni alikuwa na sehemu za Nairobi ambazo baba yako hakuruhusiwa kulala?

Kuna na ile hadithi inayotembea kwenye grupu ya wamama, kwamba pesa zote za Eastleigh ni za maharamia. Nimeisoma mara tatu na picha ileile. Mimi nimenunua sare za kwaya kule, na mapazia ya madhabahu, na suti niliyofungia ndoa za baadhi yenu. Niliwakuta watu wamefungua duka saa kumi na mbili asubuhi. Wewe umefungua saa ngapi?

Niseme na jambo la kwetu Wapentekoste, maana hili tulipaswa kulijua kuliko madhehebu yote. Mwaka 1906, moto ulioshuka Azusa Street kule Los Angeles ulishuka kupitia William Seymour, mwanaume mweusi, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Miezi michache kabla, akiwa Houston, alitaka kusomea habari za ubatizo wa Roho kwenye darasa la mhubiri mzungu aitwaye Charles Parham. Sheria na desturi za ubaguzi za Texas hazikumruhusu kuketi na wazungu. Akasikiliza akiwa nje, mlango umeachwa wazi. Mtu aliyewekwa nje ya mlango! Kisha Mungu akamchukua huyo wa nje akamfanya mlango wa wote. Azusa walipiga magoti pamoja weusi, weupe, Wamexico na Waasia, kitu ambacho Marekani ya wakati ule haikukijua. Parham alipokwenda kuona, alichukizwa. Roho alikuwa anatembea na yeye akaona rangi.

Na wazao wa uamsho ule hawakukaa pamoja muda mrefu. Walitengana kwa rangi, makanisa ya weupe huku, ya weusi kule, wote wakinena kwa lugha. Ilichukua hadi Oktoba 1994, katika mkutano wa Memphis, viongozi weupe kupiga magoti na kuosha miguu ya wenzao weusi. Miaka themanini na minane. Kunena kwa lugha hakukuwatibu ugonjwa huu, na hakutatutibu sisi. Petro naye alijazwa Roho siku ya Pentekoste, akapewa maono ya shuka na vyakula vyake, akaingia nyumbani kwa Kornelio akabatiza, halafu tunamkuta Antiokia, Wagalatia sura ya pili, anaondoka kwenye meza ya watu wa mataifa kwa kuogopa wenzake watasema nini. Paulo alimpinga mbele ya watu wote. Hakumtumia ujumbe wa faragha.

Mtaniambia, na wao je? Wanatupenda? Swali ni halali. Kuna ndugu zetu walioacha Uislamu wakaja kwa Yesu na wanajua gharama yake, sitajifanya sijui. Kuna Wasomali wanaotuita majina mabaya, na mama yule alinikubalia hivyo bila mimi kumuuliza. Lakini nikumbusheni basi na upande wa pili. Westgate, Abdul Haji, Mkenya wa Kisomali, aliingia na bastola yake akasaidia kuwatoa watu asiowajua. Desemba 2015, basi lilipotekwa kule Mandera karibu na El Wak, wauaji waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo huku. Waislamu walikataa. Kina mama wakawavika Wakristo hijabu zao. Salah Farah, mwalimu, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki Januari. Mwaka mmoja kabla, barabara za Mandera, kutenganishwa huko kulikuwa kumeua 28. Hijabu ileile iliyofanya mtoto awekwe kando langoni kwetu, kule ilikuwa silaha ya kuokoa Mkristo.

Sasa mambo ya nyumbani, maana mzazi akiomba msamaha lazima na kufuli libadilishwe.

Nimeketi na wahudumu wa mlango, na yule ndugu yetu alikuja, akakaa mbele. Tumekubaliana: kila mkoba utafunguliwa, au hakuna utakaofunguliwa. Tumechagua kila mkoba, kwa sababu hatari ipo. Dada ndio watakaowapekua kina dada, pembeni, kwa heshima. Yule ndugu mwenyewe ndiye aliyependekeza hilo.

Pili, wakili mmoja kati yetu amekubali kutufundisha Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya mazoezi ya kwaya, haki za mtu anayekamatwa: kuambiwa sababu, kunyamaza, kuzungumza na wakili, kufikishwa kortini ndani ya saa 24, jinsi ya kusoma namba ya kazi ya askari, na jinsi ya kupeleka malalamiko kwa IPOA. Leteni vijana wenu, hasa wenye rasta. Nimewaalika pia majirani wetu wa msikiti wa pale chini, na imamu amesema watakuja. Wenye neno juu ya hilo waje kwangu ofisini, wasiende kwenye grupu.

Tatu, maafisa wa polisi mliomo humu kanisani, najua mko na ninawapenda. Najua mishahara, najua nyumba mnazolala, najua ni wenzenu wangapi wamekufa kwa mabomu ya barabarani kule Garissa na Lamu. Nitawaombea kama nilivyowaombea siku zote. Lakini pesa za stage zisiletwe kwenye kikapu cha sadaka hapa. Ninasema kwa upendo na ninasema mara moja.

Na yule binti? Nilipomaliza kusema na mama yake, aliitwa kutoka chumbani. Nilimwambia, "Mwanangu, niliona, na nikanyamaza. Nisamehe." Akaangalia chini muda mrefu. Mama akasema kitu kwa Kisomali. Binti akajibu kwa Kiswahili, "Sawa, Pasta." Sijui kama alinisamehe au alimtii mama yake. Sikumuuliza. Aliniuliza yeye kama rafiki yake aliipata ile chupa, maana siku ile ilibaki langoni. Nilikuwa sijui. Nilipofuatilia nikaikuta jikoni kwa kanisa, tumeitumia kwenye kesha. Imeoshwa, imefungwa karatasi mpya, na imepelekwa kwa mwenyewe.

Ibada ya kwanza Jumapili ni saa moja na nusu. Njooni mapema kidogo, foleni ya langoni itakuwa ndefu, na wataanza na mkoba wangu.